Siku Tulipoihamisha Sauti ya Bibi

Sisi tuliokulia Kilakala miaka ile maduka ya Morogoro yalipoanza kujaa vitu vya nje, tunajua kungoja. Tulingoja wimbo upigwe redioni, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, na mtangazaji akiropoka katikati ya wimbo tulimlaani kimoyomoyo, kwa kuwa sauti yake ingebaki mle ndani siku zote. Tuliziba vile vitundu viwili vya kaseti kwa karatasi iliyotafunwa ili kaseti ya dukani irekodike upya. Tulirudisha mkanda nyuma kwa kuuzungusha na kalamu ya biki ili betri zisiishe, na betri zikichoka tulizianika juu ya bati kama dagaa. Vijana wa ofisini kwetu nikiwasimulia hayo hunitazama kwa huruma, kama wanaosikiliza habari za vita. Wao wimbo ukichelewa kufunguka kidogo tu, wanatangaza msiba wa mtandao.

Nyumbani kwetu kaseti zilikuwa nyingi kuliko vikombe. Baba alikuwa mtu wa Singida, aliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwandani upande wa Kihonda. Kiwanda kilipouzwa, yeye na wenzake waliambiwa wakapumzike, neno la adabu kwa jambo lisilo na adabu. Hakupumzika hata wiki. Aliweka meza barazani, akawa fundi redio. Asubuhi tukitoka kwenda shule, milima bado imejifunika ukungu, tulimwacha ameinama anapuliza vumbi kwenye redio ya mtu. Tukirudi mchana, harufu ya risasi ya kuchomea imechanganyika na harufu ya maharage ya mama, na mpaka leo nikila maharage nahisi kuna kitu kinatengenezwa mahali fulani. Nikiwa darasa la tano alinifundisha kusafisha hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, kwa pamba na spiriti.

"Redio ni mgonjwa," alikuwa akisema. "Muulize kwanza, ndipo umguse."

Kaseti moja ilikuwa haiguswi. Ilikuwa na sauti ya Bibi Sabina, mama yake mama, aliyeishi juu mlimani, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Mkuyuni. Tulipokwenda kwake likizo tulikula magimbi ya moto, ndizi za kuchoma na mananasi hadi ndimi zikachubuka, na alfajiri alituamsha kwa kutuvuta dole gumba la mguu. Sasa, kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na Bibi ndiye aliyekuwa na majina yote. Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, baada ya rozari alikaa mkekani akawataja wanawake wa ukoo wetu, kuanzia yule wa kwanza aliyepanda mlima na moto kwenye kigae, mpaka akafika kwa mama yangu. Hakukosea wala hakurudia. Mwaka mmoja mama alibeba redio kaseti ya baba ndani ya khanga, akamrekodi. Kaseti safi haikupatikana, basi akarekodi juu ya kaseti ya muziki wa dansi. Ukiipiga, kwanza unasikia gitaa linacheka kidogo, kisha Bibi anakohoa na kuanza.

Nilikuwa kidato cha pili Bibi alipopata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakampotea. Alielewa kila kitu, macho yake yalikuwa yale yale makali, lakini mdomoni ilibaki sauti moja tu, "eee," na hiyo ilimaanisha "ndiyo", "hapana" na "nina kiu". Mama akapanda kwenda kumuuguza.

Mimi niliyebaki nilimkumbuka Bibi hadi nikashindwa. Siku moja baba yuko mjini kutafuta vipuri, nilifungua sanduku la mama, nikaitoa ile kaseti, nikaitia kwenye redio. Sikusafisha hedi. Sikuangalia mkanda, ambao ulikuwa umekaa kwa Bibi masika nzima na kuota ukungu mweupe. Gitaa likacheka, Bibi akakohoa, majina yakaanza. Halafu sauti ikawa nzito kama ya mtu anayezama, redio ikaanza kuula mkanda. Nikafungua, nikauvuta. Ukakatika.

Baba alinikuta nimekaa sakafuni, kaseti mapajani. Hakupiga kelele. Alivua kofia, akachuchumaa mbele yangu.

"Umeuvuta?"

"Nimeuvuta, baba."

"Kwa nguvu?"

"Kwa woga."

"Ni kitu kile kile," akasema, akaichukua.

Nataka mjue baba yangu alikuwa mkwe, tena mkwe kutoka mbali. Kwenye ukoo wa mama alikuwa mgeni anayeheshimiwa, na sasa sauti ya mama mkwe wake ilikuwa imekatika nyumbani mwake. Alifanya kazi ile mchana kutwa. Kile kipande kilichokunjamana, urefu wa kidole, hakikunyooka kwa njia yoyote. Akakikata kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa selotepu nyembamba kuliko ukucha. Kisha akaushika mkanda kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu utapita mara moja," akasema. "Mara ya pili siahidi."

Mungu hamtupi mja wake, wiki ile ile akaja Mjomba Deo, kaka yake mama. Alikuwa mmoja wa wale waliochangamkia biashara huria mapema: leo Kariakoo, kesho Dubai, kila safari anarudi na kitu ambacho hatukijui jina. Safari ile alikuwa na mashine isiyozidi kiganja, ya kurekodi kwenye kisahani kidogo kinachokaa ndani ya nyumba yake ya plastiki. Minidiski, alisema. Kisahani hakiguswi na hedi, sauti inaandikwa kwa tarakimu, unaweza kusikiliza mara elfu isichakae. Sokoni hakuna aliyeinunua, watu walitaka redio kubwa zenye taa za rangi.

Baba aliigeuza geuza. "Shemeji, kitu ambacho siwezi kukifungua kwa bisibisi, nitakiaminije?"

"Shemeji, huo mkanda nao unauamini?"

Baba akaiweka mezani. Kisha akanisukumia ile mashine pamoja na kijitabu chake cha Kiingereza. "Wewe umeukata, wewe utauvusha."

Nilikisoma kijitabu kile siku tatu, kamusi pembeni, kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa Kiingereza hajawahi kuiona. Baba akachomea waya, upande huu tundu la spika ya masikioni ya redio, upande ule mashine mpya. Jumamosi asubuhi, kabla mgao wa umeme haujatufikia, tukafunga madirisha. Baba akamtuma Mjomba kumwomba jirani yetu Mama Zuhura aache kutwanga kisamvu. Sauti ilikuwa inapita kwenye waya, na mchi wa Mama Zuhura usingeingia hata angetwanga chumbani kwetu. Sote tulilijua hilo na hakuna aliyethubutu kulisema. Mama Zuhura alikuja na mchi wake mkononi, akasimama mlangoni kimya.

Nikabonyeza. Vijistari vya kwenye kioo vikaruka gitaa lilipocheka. Bibi akakohoa. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Baba hakuangalia mashine yangu, aliangalia mkanda wake. Tulipofika kwenye kiungo pakasikika "tak", lakini mkanda ukapita. Majina yakaendelea mpaka la mama yangu. Nikasimamisha. Mjomba, kwa ubishi wa kibiashara, akataka kujaribu kaseti mara ya pili, ikakatika sehemu mbili na haikulia tena. Kuanzia saa ile Bibi alikuwa ndani ya kisahani tu.

Mchana ule niliketi na mashine nikagundua inaweza kukata sauti vipande bila wembe. Nikaweka alama kwenye kila jina. Yakatoka ishirini na mawili, kila moja na namba yake, unalifikia kwa kubonyeza. Kwa kaseti ungezungusha kalamu mpaka mkono ufe ganzi.

Jumapili tukapanda. Nilipompigia Bibi goti na kumwambia shikamoo alinishika shavu kwa mkono wa kushoto. Mama alikuwa ameshaambiwa yote. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Watu wa ukoo walijaa uani, wengine wametoka shambani na majembe yao. Baba alikaa mbali karibu na ukuta, kama mkwe anavyopaswa. Nikaunganisha vispika viwili alivyovitengeneza, nikabonyeza.

Bibi alipoisikia sauti yake, uso wote ulitulia. Midomo ikaanza kwenda pamoja na majina bila kutoa neno. Mwamvua, jina la nane, likapita, na lile la tisa likaanza. Bibi akapiga mkeka kwa kiganja.

"Amechoka," mtu akasema.

"Hajachoka," mama akasema. "Rudisha."

Nikarudisha moja kwa moja kwenye la nane. Baada ya Mwamvua, kiganja kikapiga tena, kwa nguvu zaidi. Macho ya Bibi yalikuwa juu yangu.

Ndipo baba akasimama kule ukutani. "Hapo ndipo nilipokata," akasema. "Nilikata urefu wa kidole. Nisameheni. Kuna mtu nimemwondoa."

Mjomba akaanza kutaja majina anayoyajua, mmoja mmoja. Bibi akatikisa kichwa. Mama wadogo wakajaribu, wazee wakajaribu. Hapana. Mwisho Bibi Agata, mdogo wake Bibi, mwanamke asiyependa kusema mbele ya watu, akajisogeza kwenye mkeka.

"Dada," akasema taratibu, "si yule aliyezaliwa mwaka wa njaa? Aliyekufa bila mtoto? Sisi tulishaacha kumtaja. Mwanjaa?"

Bibi akatoa sauti ambayo sijaisikia tena, "eee" ndefu iliyoanza kama kilio na kuishia kama kicheko. Machozi yakamshuka upande mmoja. Mwanamke asiye na mtoto wa kumkumbuka, na Bibi miaka yote hakuwa amemruka.

"Basi arekodiwe," Mjomba akasema, akasafisha koo. Ni haki yake, ndiye mjomba. Lakini Bibi alinyanyua mkono wa kushoto akaninyooshea mimi.

Nikachomeka maikrofoni ndogo iliyokuja na mashine. Mara ya kwanza nilinong'ona. Baba akasema kutoka ukutani, "Sema kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde." Nikavuta pumzi nikaita: Mwanjaa! Kisha, mbele ya macho ya ukoo mzima, nikabonyeza vitufe nikalihamisha jina lile kutoka mwisho nikaliweka baada ya la nane. Tukasikiliza kuanzia juu. Sauti ya Bibi: Mwamvua. Sauti ya mtoto wa kidato cha pili: Mwanjaa. Sauti ya Bibi tena, ikaendelea. Kiganja kilitulia mapajani. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mjomba, ambaye hakuwahi kuisifu biashara ya mtu mwingine, akamfuata baba ukutani, akamshika mkono akamleta kukaa mkekani.

Nimesoma, nimeajiriwa, nimepewa vyeti vyenye mihuri. Hakuna nilichokifanya kinachonitembeza kifua mbele kama cha siku ile.

Bibi alizikwa miaka miwili baadaye. Ile mashine nayo haikudumu, visahani vyake viliadimika, na ile teknolojia ya mwisho wa dunia ikawa ya zamani kabla hata mimi sijaolewa. Lakini nilikuwa nimeshajifunza. Nikawahamishia wote kwenye kompyuta, kisha kwenye simu, na sasa wamo kwenye simu za watu wa ukoo hadi walioko ughaibuni, majina ishirini na matatu, la tisa kwa sauti yangu ya utoto.

Siku hizi watoto wanarekodi kila kitu. Wanapiga picha wali kabla ya kuula, wanajirekodi wakilia, wanajirekodi wakicheka, jioni simu inajaa wanafuta. Siwasemi vibaya, ningekuwa na simu ile umri ule ningefanya zaidi. Ila nawaonea huruma kwa jambo moja. Sisi tulikuwa na mkanda mmoja, na tuliposikia unakatika tulijua ni nani anayepotea. Wao wana sauti elfu mifukoni, na hakuna jirani anayekuja kusimama mlangoni akiwa na mchi wake mkononi, kimya, ili bibi ya mtu apite salama.