Mkono Uliohesabu Meno

Mama yangu alimsalimu mume wangu mara tatu mbele za watu, na mume wangu akapita na jembe lake begani kama aliyepita kichuguu. Sikusimuliwa, niliona kwa macho yangu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwetu Lionja, wanawake wanne tuko uani tunatwanga muhogo mkavu. Salamu ya kwanza tukasema labda ana mawazo. Ya pili, michi ikasimama. Ya tatu mama aliitoa kwa sauti ya kuitia watu msibani, na yule bwana akakata kona akaenda zake shambani. Mama akaweka mchi chini, akaingia ndani, akalia.

Inabidi nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Kwetu zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Wangu alitoka Nanganga na jembe na mkeka wake, akalima shamba la mama mkwe wake, na mradi alikuwa na heshima, alikaa. Na heshima kubwa ilikuwa hii: mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unashuka pembeni, unainamisha macho chini, na akikusalimu unapiga makofi matatu ya taratibu na kuitika. Basi, ni hilo tu. Lakini usipoitika umemwambia mama wa watu kwamba yeye si kitu, na kuna wanaume waliofukuzwa kwa chini ya hapo.

Miaka miwili ya kwanza hakuna aliyemshinda mume wangu kwa heshima. Kisha ikaja miaka ya karanga. Wazungu walifyeka pori la Nachingwea wapande karanga, kama watu waliopandwa na mashetani, wakaleta reli, na reli inataka mataruma ya kulaza vyuma vyake, na nyumba zao zinataka mbao. Wakaweka kiwanda cha kupasulia magogo porini, upande wa kwenda Ruangwa. Mume wangu akaandikwa kazi huko. Alikuwa akija nyumbani Jumamosi jioni, akiondoka Jumapili baada ya adhuhuri.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo akabadilika. Nikimwita kutoka jikoni, kimya. Nikimwambia chumvi imekwisha, anatazama mlango. Akinikabili uso kwa uso anajibu vizuri, hata utani anatia, lakini nikigeuka tu kuchochea moto ameniacha na maneno yangu mdomoni. Nikajiambia, haya, amepata kazi ya mzungu, sasa mimi wa kulima nimekuwa takataka. Mimi sikuumbwa kunyamaza. Nilimrushia mwiko mgongoni siku moja, akageuka akaniuliza kwa upole, "Umeungua?" Nikazidi kukasirika.

Lakini hilo lilikuwa langu. La mama lilikuwa kubwa. Jioni ile ile mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye mwenye neno katika ukoo, alikuja akaketi. Mama hakujua Kiswahili kingi, aliongea Kimwera chake, lakini siku hiyo alichomeka methali ya Kiswahili ili iume: "Sikio la kufa halisikii dawa. Achukue mkeka wake arudi kwa mama yake."

Mjomba akanigeukia. "Nawe mpwa wangu, wasemaje?"

Nikataka kusema aende. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi minne, na niseme ukweli, nilimpenda yule mtu. Nikabaki nakuna ardhi kwa kidole cha mguu.

"Haraka haraka haina baraka," mjomba akasema. "Nenda kaone anapofanya kazi. Hafukuzwi mtu ambaye jasho lake hujaliona. Jumapili ijayo akiwapo, nitakuuliza tena, na utakachosema ndicho kitakachokuwa."

Jumanne nikatoka alfajiri, unga na samaki wakavu kichwani, na hotuba ndefu moyoni. Njia nzima niliirudia ile hotuba. Ilikuwa nzuri, wallahi, ilikuwa na matusi mapya.

Msumeno niliusikia kabla sijauona. Ulilia kama mbuzi anayechinjwa asiyekufa, ukanyamaza, ukalia tena. Nilipofika uwanjani nikasimama, na ile hotuba ikanitoka kichwani.

Kulikuwa na gogo la mninga lililotoka pande za Kilimarondo. Wanaume wanane walikuwa wakilisukuma kwa miti, mishipa imewatoka shingoni, na wakilipandisha juu ya kigari cha chuma kinachokwenda kwenye reli zake fupi. Lilipolala pale lilikuwa nene kunifika kifuani. Mbele yake msumeno wa duara, mkubwa kuliko ungo mara nne au tano, unazunguka mpaka meno hayaonekani. Kando ya msumeno amesimama fundi, Mmakonde mrefu mwenye chale usoni. Na juu ya kigari, nyuma ya gogo, ameketi mume wangu.

Fundi aliinua vidole. Mume wangu akashika mkono wa chuma uliosimama ubavuni pake, akauvuta. Na lile gogo, ambalo wanaume wanane walilitolea jasho, likasogea. Likasogea lote kwa pamoja, kichwa na mkia, kuelekea msumeno, kiasi cha upana wa vidole viwili, likasimama. Halikuzidi. Kigari kikaenda, msumeno ukalia, ubao ukaanguka. Kigari kikarudi. Vidole juu, mkono wa chuma, gogo likasogea tena.

Subhana Llah! Nilikuwa nimezoea kuona mbao zikichongwa kwa shoka na tezo, siku tatu ubao mmoja, na ukimaliza ubao umepinda kama mguu wa kuku. Hapa mtu ameketi tu, anavuta mkono, na mti uliosimama tangu kabla babu yangu hajazaliwa unamtii. Nilikwenda kwenye rundo la mbao nikaweka kidole pembeni ya kila moja. Pingili moja ya kidole gumba, zote. Nikapima mbao kumi na tano. Nikaogopa, sijui kwa nini. Nilijihisi kama nimechungulia mahali nisipotakiwa.

Mchana kipande cha reli kikagongwa, ngo ngo ngo. Watu wote wakageuza vichwa, wakaanza kushuka. Injini ikapumua ikanyamaza. Mume wangu hakugeuka. Amekaa vile vile, mkono kwenye chuma, macho kwa fundi.

Nilikuwa nyuma yake hatua nne. Nikamwita. Kimya. Nikamwita kwa sauti ya kuamsha kijiji. Kimya. Damu ikanichemka, nikaivuta hotuba yangu kutoka nilikokuwa nimeiacha, na nilipofungua mdomo fundi akanikimbilia, kidole midomoni.

"Shemeji," akasema chini chini, "hapo utaita mpaka koo likauke."

"Kwa sababu ana kiburi!"

"Mwenye macho haambiwi tazama, shemeji. Hasikii. Masika yaliyopita homa ilimwachia mluzi masikioni, na huu msumeno ukamalizia. Nyapara hajui. Akijua, siku hiyo hiyo amemshusha. Hapa msumeno ukilia sisi sote hatusikii, tunasema kwa vidole. Kwa hiyo hapa yeye na sisi ni sawa. Ila ukimsemesha uso kwa uso anakusoma midomo, unaweza kula naye mwaka usigundue."

Mimi nililala naye na sikugundua.

Nilikaa juu ya mabanzi ya magogo. Nilianza kuyapanga yote moja moja: chumvi, mwiko, jikoni. Kila mara nilikuwa nimempa mgongo. Halafu nikafika kwa mama. Watu wote duniani mume wangu angeweza kuwasoma midomo, isipokuwa mmoja, kwa sababu huyo mmoja heshima ilimkataza kumtazama. Asubuhi ile alipita ameinamisha macho kwa adabu kamili, na adabu hiyo ndiyo iliyomliza mama. Nikalia, sikujali wanaume wale.

Mume wangu alipogeuka na kuniona, alijua kwamba nimejua. Akashuka, akaja, akachuchumaa mbele yangu.

"Bora ungeniambia, mjinga wewe!" nikampigia kelele usoni, naye akatazama midomo yangu kwa makini, neno kwa neno, akaitikia kwa kichwa.

"Ukijua wewe atajua mama, akijua mama itajua Lionja yote, na nyapara atasikia kabla ya Jumatatu," akasema. "Nami nikishuka kwenye kigari nitakuwa kiziwi tu. Pale juu mimi ni mtu."

"Unahesabuje, kama husikii?"

Akanishika mkono akanipandisha kwenye kigari. Akaweka kiganja changu juu ya ule mkono wa chuma, na chake juu ya changu, akavuta taratibu. Tk. Sikusikia kwa sikio. Ilipita kwenye mifupa mpaka kiwiko. Tk. Tk. Chini yetu kulikuwa na gurudumu la meno, na kipande cha chuma kinachodondokea jino baada ya jino ili gogo lisirudi nyuma.

"Meno manane ni inchi moja," akaniambia. "Halafu unaongeza mawili. Msumeno nao unakula, lazima uuhesabie chakula chake. Wengi walisahau hayo mawili, mbao zikatoka nyembamba. Mimi sijasahau hata siku moja."

Nikavuta mwenyewe, meno kumi. Lile jitu la mninga likasogea mbele yangu, mimi, mwanamke mwenye mimba kutoka Lionja. Nikaachia kama nimeungua. Mume wangu akacheka, na fundi akasema, "Shemeji, kesho njoo mapema, mumeo tutamtafutia kazi ya kupika."

Nilirudi nyumbani na habari, nikadhani nimemaliza. Sikumjua mama yangu vizuri. Nilimweleza yeye na mjomba tu, nikawaapisha wasiseme kwa mtu. Mjomba akakubali. Mama akabetua mdomo.

"Kiziwi gani huyo anayesikia chuma cha mzungu na hamsikii mkwewe?" akasema. "Kuna uziwi wa masikio na uziwi wa kutaka. Mimi nitajuaje?"

"Hasikii, mama, anahisi. Kwenye kiganja. Kwenye mifupa."

Ijumaa akaniambia, "Jumapili usimwambie neno. Ukimtonya, nitajua. Nitamsalimu mara tatu kwa njia yangu. Asiponiitika, mkeka wake nitaukunja mwenyewe." Mjomba alinitazama. Nikasema haya. Ningesema nini?

Jumapili mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, chini ya ukingo wa paa, anatia mpini kwenye jembe la mama. Mgongo wake umeelekea uani. Mjomba yuko kwenye ngazi, mimi nimesimama mlangoni, mikono tumboni. Mama akatoka jikoni. Hakuongea. Alikuwa ameshika mchi, ule mzito wa mpingo. Akasimama hatua sita nyuma yake, akauinua kwa mikono miwili, akaupiga chini kwenye udongo.

Du.

Mume wangu akaendelea na mpini wake. Kigoda kile kilikuwa kinene, na miguu ameikunja juu ya mkeka. Mjomba akashusha pumzi. Mimi nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo sikumbuki.

Mama akasogea hatua mbili. Haikuwa lazima asogee, na hilo sijalisahau. Akapiga tena, na wakati ule ule mume wangu aliweka kiganja chini kuokota kabari iliyomwanguka. Kiganja hakikuinuka. Kabari iko pale, vidole viko juu yake, haviokoti. Alikaa hivyo kama anayesubiri jino lifuate.

Mama akapiga la tatu kwa nguvu zake zote.

Mume wangu akaacha jembe. Akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti, akageuka, na macho yake hayakupanda juu ya vidole vya miguu ya mama. Akapiga makofi matatu ya taratibu, akaitika.

Mama alisimama na mchi wake. Kisha akamwitikia kwa Kimwera salamu yote, ndefu, ya hali na ya shamba na ya safari, na ya wazazi kule Nanganga, ingawa alijua kwamba hakuna neno hata moja linalomfika. Alipomaliza akaniambia, "Unatazama nini? Mkwe wangu ana njaa."

Karanga zilishindwa, kila mtu anajua. Magari yakaja yakabeba msumeno na kigari na lile gurudumu la meno, na mume wangu akarudi kwenye mikorosho ya mama. Mama alimsalimu kwa mchi kila asubuhi mpaka alipokufa, na siku zote alipiga mara tatu, na baadaye, baada ya kunidadisi habari za kiwandani, akaongeza mapigo mawili madogo. Nilimuuliza ya nini. Akasema ni ya yale maneno yanayoliwa njiani.

Siku tuliyomzika mama, waombolezaji wamejaa uani, mume wangu alichukua ule mchi akaenda nao nyuma ya nyumba peke yake. Sikumfuata. Lakini nilikuwa nimekaa chini, juu ya udongo, na nilihisi yote matano.