Ua la Njano Nililong'oa Muyinga

Eti Madame, bosi wangu mtafiti wa mimea, hajui maua? Koma! Kule kwake Gitega mi nilijisomea vitabu vyake mpaka nikaelewa: maua ya milimani, jamii ya alizeti, yanafanana. Ili kuyatofautisha, jani linapimwa jeni, mmea mzima na mizizi unalinganishwa umbo.

Basi, tangu nirudi Burundi kutoka Tanzania sijaona kaburi la baba; shangazi ananipeleka kilimani Muyinga anionyeshe. Magoti yanamuuma, nikamtangulia. Nikaona ua la njano, moja tu. Ndilo analolitafuta Madame hilo! Nikaling'oa, nikafukia shimo vizuri kama fundi, nikazunguka kutafuta jingine huku napiga miluzi.

Shangazi akafika, akaliona mkononi.

"We mwana! Hilo nililipanda juu ya baba yako, tusipoteze mahali. Umeling'oa wapi?"

Majani matupu kila upande. Haya, wajuaji wa jeni: baba yangu yuko wapi?