Faini Iliyokuja na Uso wa Rafiki Yangu

Admin, usiweke jina langu, na jina la rafiki yangu nimelibadilisha. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na saba, Mkenya kutoka upande wa Kitale, dereva wa kampuni ndogo ya kutengeneza AC hapa Dubai. Tunakaa Al Qusais kwenye nyumba za kampuni. Sijawahi kuandika mambo yangu mtandaoni, lakini hili limenikalia kifuani na wa kumwambia sina. Niliyekuwa namwambia kila kitu ndiye ninayeandika habari zake.

Nitamwita Hamisi. Alikuwa fundi wetu, Mtanzania wa Tanga, na mimi ndiye niliyempeleka kazini kila siku kwa miaka. Yeye Mwislamu, mimi mtu wa kanisa. Ramadhani nilikuwa nakula nimejificha nyuma ya pickup nisimtamanishe, naye alikuwa akinicheka sana. Nyumbani alikuwa na mke na mabinti wawili. Mkewe huniita shemeji ingawa hatujawahi kuonana.

Kiangazi kilichopita tulitumwa Ras al-Khaimah, kwenye villa iliyo mbali na mji, karibu na milima. Kule ni emirati nyingine na barabara zake sizijui vizuri. Mchana Hamisi alishuka kutoka juu ya paa akasema kifua kinambana na mkono umekufa ganzi. Nikampa maji, akatapika. Nilipiga simu ya ambulansi lakini sikuweza kueleza tulipo, kwa sababu mwenye villa hakuwepo na Kiarabu changu ni cha kununulia mkate. Nikaona tunapoteza muda. Nikamweka kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, nikaondoka.

Nilikimbiza lile gari vile sijawahi kukimbiza gari. Sikumtazama, nilidhani amezimia. Tulipoingia barabara kuu kamera ikatumulika, mwanga mweupe mchana kweupe. Hapo ndipo nilipomsikia, sauti ya chini kabisa.

"Punguza, kaka. Hiyo imekupiga. Wasije wakakurudisha kwenu kwa ajili yangu."

Nikapunguza. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda ni mazoea, maana kazini yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu na alichosema nilifanya. Labda niliogopa kamera nyingine. Nilienda taratibu kwa muda, halafu nikageuka nikaona midomo yake imebadilika rangi, nikakanyaga mafuta tena. Hospitali walimpokea mbio. Baadaye daktari akatoka akaniuliza kama mimi ni ndugu yake. Nikasema ndiyo.

Nilimuuliza kama angepona iwapo tungefika mapema kidogo. Akajibu kwamba hawezi kujua. Jibu hilo ndilo linanitafuna. Angesema ndiyo, ningelia mpaka nikachoka. Angesema hapana, ningelala.

Mwili ulirudishwa Tanga. Mkewe aliponiuliza kwa simu mumewe alisema nini mwisho, nilishindwa kusema kweli. Nilimwambia alimtaja yeye na watoto, kisha akatamka shahada. Mimi, ambaye hata kuitamka sijui! Alilia akinishukuru. Nasikia maneno hayo yalirudiwa kwenye hitma, na watu wakasema mtu huyu amekwenda vizuri.

Kisha faini ikaja ofisini. Arbab wetu, yaani bosi mwenye kampuni, ni mtu mwema, hakunifokea. Alisema faini ya emirati nyingine haiwezi kufutwa Dubai, niende kule kule nikaeleze kwamba nilikuwa nimebeba mgonjwa, inshallah watanielewa. Nikarudi kwenye ile barabara peke yangu, mpaka kituo chao cha polisi. Askari wa trafiki, kijana mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza skrini ya kompyuta ili nione.

Picha ya kamera ilikuwa imepigwa kwa mbele. Mimi nimeng'ang'ania usukani, mdomo wazi. Hamisi ameegemeza kichwa kwenye kiti, macho wazi kabisa, na hatazami barabara. Ananitazama mimi. Wakati wote ule niliodhani hajitambui, alikuwa ananitazama. Askari akamwombea rehema, akaifuta faini, akanichapishia nakala ya picha nilipomwomba.

Tangu siku hiyo sina amani. Mtu akipiga picha kwenye duka kubwa na mwanga ukawaka, mguu wangu unatafuta breki. Nikipita chini ya kamera za barabarani nahisi aliyekaa kando yangu amenigeukia. Fundi mpya, Mganda, aliniuliza mbona namkodolea macho. Nilimwomba awe anakaa nyuma, na sikumwambia sababu.

Sasa mwenzetu mmoja wa kambini amemwambia mjane kwamba picha hiyo ipo. Juzi mjane huyo alinitumia sauti WhatsApp: "Shemeji, nimesikia kuna picha ya mume wangu ya siku ile. Naomba unitumie. Nataka kuuona uso wake, nijue kama alikuwa anaogopa."

Nimeisikiliza, na anajua nimeisikiliza. Sijamjibu.

Nikimtumia, ataniuliza pale alikuwa anasema nini. Nikisema kweli, nitamnyang'anya shahada ambayo yeye na watoto wake wameishikilia, na atajua pia kwamba nilipunguza mwendo. Nikinyamaza, namnyima uso wa mwisho wa mumewe, na pia namnyima yale maneno yake halisi, ambayo kusema kweli ni mazuri kuliko niliyoyatunga. Maana nimeitazama hiyo picha mpaka macho yakauma, na jibu lake ninalo. Hamisi hakuwa anaogopa. Alikuwa ananihurumia mimi.

Ninyi mliowahi kufiwa na mume au mke mbali na nyumbani, mngetaka kuambiwa? Nishaurini, jamani. Huyu mama nimwambie nini?