Nilivyomfupisha Mzee wa Mdandu

Nilikuwa mkalimani wa Bwana Shauri wa Njombe, yule Mzungu mkuu wa wilaya, naye alishanikanya kwamba Kiingereza changu kina maneno mengi yasiyo na kazi. Basi tulipokwenda Mdandu kwa habari ya barabara, nikajitia hodari wa kufupisha. Mzee mmoja alieleza kirefu kwa Kibena: anashukuru, ila barabara isipite kwenye kaburi la mama yake. Mimi, na akili zangu, nikaona kaburi ni nyongeza tu. Nikasema kwa Kiingereza, “Anashukuru.”

Bwana Shauri akafurahi, akaamuru vigingi vya barabara vipigwe palepale penye kaburi.

Mzee akanigeukia taratibu. “Mwanangu, mama yangu umemwacha wapi?”

Bwana Shauri akaniuliza mzee anasema nini. Ikabidi nitafsiri, watu wote wakinitazama.