Otis Asihamishwe

Lorna Dietz hakuzaliwa mgomvi. Pale Wexler, Ohio, watu walimjua kwa keki alizooka kwenye duka la vyakula, na kwa upole uliopita kiasi: ukimkanyaga mguu kanisani, yeye ndiye anayekuomba radhi. Basi ilibidi ofisi ya elimu ya wilaya imfundishe ugomvi, na kwa hilo niwape haki yao, walimfundisha vizuri.

Mwanawe Otis ana usonji. Maneno yake ni machache na huyatoa kwa kuchagua, lakini alikuwa anasoma darasa la tatu na watoto wa mtaani kwao, aliokua nao. Mwezi wa kumi ofisi ikaamua ahamishiwe shule ya watoto wa hali yake, zaidi ya saa nzima kwa gari. Wakamwita Lorna mkutanoni. Wao walijaa meza nzima, yeye alikaa peke yake. Wakaanza, kama kawaida yao, kwa kumsifu mtoto: ana tabasamu zuri, anapenda treni, ni furaha kuwa naye. Lorna alishawazoea. Sifa zikizidi, ujue kuna kitu mtoto ananyang'anywa. Aliyefunga mazungumzo ni Renfro, mkuu wa elimu maalumu, ambaye Jumapili huimba naye kwaya moja.

"Lorna, hapa sote tunampenda Otis."

"Mnampenda akiwa mbali," alisema Lorna, akachukua koti lake.

Mwanasheria mmoja wa kujitolea akamfungua macho. Akifungua kesi, sheria inakataza mtoto kuguswa. Atabaki pale pale alipo, vile vile alivyo, mpaka kesi iishe. Lorna aliifungua siku hiyo hiyo.

Hapo mji ukamgeuka. Wakasema kodi zao zinaishia mifukoni mwa mawakili kwa ajili ya mtoto mmoja. Kwenye kwaya hakuna aliyemtukana; walimtabasamia tu na kusogea pembeni, jambo linalochoma kuliko tusi. Hata mumewe Curt, fundi wa matrekta, alifika mahali akachoka.

"Kwani huko watamla?" alimuuliza.

"Huku ana wenzake, Curt. Huko atakuwa na nani?"

Lorna mwenyewe hakuweza kuingia darasani, maana mawakili wa wilaya walimpiga marufuku mpaka hukumu itoke. Kila jioni alimuuliza Otis shule ilikuwaje, naye alijibu neno lake moja, "Kazi." Lorna akaridhika nalo. Siku ya ushahidi aliapa kwamba mwanawe ana darasa lake na marafiki zake, na kumtoa humo ni kumuonea.

Mwezi wa tano hukumu ikatoka: Otis asihamishwe. Lorna alilia ndani ya gari, akajipangusa, akaenda kazini. Wiki ile ile Otis alitimiza miaka tisa, na pale kwao mzazi hupeleka keki darasani siku ya kuzaliwa ya mtoto. Akaoka keki ndogo za kumtosha kila mtoto, kila moja na treni yake ya bluu.

Aliingia na sinia lake, akaangaza macho darasa zima. Otis hakumuona. Msichana mmoja akamwelekeza bila hata kuinuka.

"Otis anakaa kule, nyuma ya kabati."

Nyuma ya kabati refu la vitabu palikuwa na meza moja, kiti kimoja na ukuta. Otis alikuwa amekaa hapo, anachora.

"Tangu lini?" aliuliza Lorna.

Mwalimu Kessler, binti aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza kazini, aliiva uso kwa aibu. Akaeleza kwamba mwezi wa kumi taa ya dari ilikuwa inapepesa na kumtesa Otis, akamkinga hapo kwa muda mpaka fundi aje. Fundi alikuja wiki ile ile. Ila kesi ilikuwa imeshafunguliwa.

"Tuliambiwa tusibadilishe kitu chochote, Bi. Dietz. Abaki pale pale alipo."

"Kesi imekwisha, mwalimu."

"Juzi wilaya imekata rufaa. Labda tuombe kikao."

Lorna alikuwa amevishiba vikao. Aliweka sinia chini, akalitia kabati bega. Vitabu viliporomoka, miguu ya kabati ikakwaruza sakafu kwa kelele, naye hakuacha kusukuma mpaka likafika kona ya pili, kando ya sinki. Watoto wote waligeuka. Mwenzao alikuwa mbele yao, hana kitu cha kumficha.

"Njoo, mwanangu," alisema Lorna akihema. "Njoo ukae na wenzako."

Otis aliwatazama kwa muda, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu asiowajua. Kisha akabeba kiti chake, akapita katikati yao, akalifuata kabati kule kwenye kona na kukaa nyuma yake.