Teksi Haiondoki Mpaka Ijae

Mdogo wangu aliniambia anahamia Kanada ikiwa imebaki siku moja aondoke. Kwa simu. Nilikuwa saluni, kule South Beach, Durban, nafagia nywele za wateja, naye akasema, "Yaya, kesho asubuhi napanda teksi ya Joburg. Ndege iko kesho kutwa." Yaya kwetu ndiyo dada mkubwa, na alisema kama mtu anayeaga kwenda kununua mkate. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akaanza kuniuliza habari za kazi, na mimi nikaelewa kwamba amejua siku nyingi. Nilikata simu nikafagia mahali pale pale mpaka bosi wangu akaniuliza kama nimeangusha hereni.

Huyu mtoto nilimbeba mgongoni mama yetu alipokufa kule kwetu Uvira, Kongo, na mimi mwenyewe nilikuwa bado wa kubebwa. Kichwa chake nilikisuka mimi kila Jumapili mpaka alipoolewa. Mume wake ametangulia Kanada, sawa, mke amfuate mume, hapo sina neno. Lakini mimi niambiwe siku ya mwisho, kama jirani wa ghorofa ya chini? Nilitaka nimwone uso kwa uso nimwambie hivyo, maana Kanada si mahali mtu anarudi kukusalimia Pasaka. Alikuwa anakaa Maritzburg, mwendo wa saa moja na kidogo tu kutoka Durban. Alikuwa amesema teksi yake ya Joburg ni ya saa tatu asubuhi. Nikasema nitamkuta.

Kulipopambazuka nilikuwa nimeshafika renki, kituo cha teksi. Huku Durban teksi ni basi dogo, na lile la kwenda mji mwingine halina saa. Linajaa, linaondoka. Halijajaa, mnakaa humo mnatazamana. Nilikuta abiria watatu, mmoja amelala mdomo wazi. Dereva alikuwa amekaa juu ya kreti nje, anakula andazi na chai. Nikamuuliza tunaondoka saa ngapi.

"Ikijaa, sisi," akasema. Sisi kwao ni dada. Akachovya andazi.

Nikakaa. Alikuja mtu mmoja. Baada ya muda mrefu wakaja wawili, kisha mmoja wao akakumbuka kitu akashuka, akaenda zake. Jua likapanda. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimwa. Na mimi nilikaa kimya, kwa sababu mwaka ule wa 2015 mgeni ndani ya teksi alikuwa anakaa kimya. Maduka ya watu wetu yalikuwa yamevunjwa na wenyeji wasiotaka wageni, miezi michache tu nyuma. Ukifungua mdomo, lafudhi inakuuza. Nilikuwa nimejizoeza: napanda, naangalia dirishani, simu ikilia siipokei, nikitaka kushuka napiga kioo. Wakati mwingine nilipitishwa kituo changu mbali sana, nikarudi kwa miguu, mradi tu nisiseme neno. Miezi yote hiyo nilikaa hivyo, mtu mzima na ndimi nne kinywani, najifanya bubu.

Ikafika saa tatu, gari bado lina viti vitupu, na dereva sasa anasafisha meno kwa kijiti. Basi, kitu kikakatika ndani yangu. Nilishuka nikasimama katikati ya renki nikaanza kuita Maritzburg, Maritzburg, kwa sauti ya kuuzia samaki, na Kizulu changu kibovu, na lafudhi yangu yote ya Uvira. Watu waligeuka. Wauza ndizi walicheka. Mwanamume mmoja alisema kitu ambacho sikutaka kukielewa, nikamkazia macho mpaka akaondoka. Sikuwa na nafasi ya kuogopa. Niliwakamata wanafunzi wawili waliokuwa wanazubaa, nikawapandisha. Nikamwona mama mmoja mnene na sanduku, nikalishika lile sanduku kabla hajasema anakokwenda.

"Wewe unatoka wapi?" akaniuliza. Swali lile lile ninalolikimbia siku zote.

"Kongo," nikamwambia. "Na nimechelewa. Panda, mama."

Akanitazama, halafu akapanda. Dereva alisema kesho nije tena, ana kazi ya kunipa. Gari lilikuwa limejaa, nikapanda nikafunga mlango. Alikuwa ameninyima mdogo wangu kwa ajili ya andazi.

Njia nzima, kule milimani nyuma ya malori yanayojikokota, nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia hana shukrani. Nitamwambia mama angekuwepo asingethubutu. Lakini moyoni nilijua naongea na kiti. Saa tano ilikuwa imeshapita tulipoingia Maritzburg, na teksi ya saa tatu sasa iko wapi, labda inakaribia Harrismith.

Hata hivyo nilikimbia mpaka renki ya magari ya Joburg. Sijui nilikimbilia nini. Nikaona basi dogo jeupe lenye trela nyuma, limejaa watu waliochoka, na kwenye dirisha la mwisho, paji la uso la mdogo wangu limeegemea kioo.

Nikagonga. Alishtuka, akafungua dirisha.

"Yaya. Simu ilizimika moto, chaji ilikwisha," akasema. "Na hii gari iko inangoja mtu mmoja. Tangu asubuhi."

Nikashika ukingo wa dirisha nianze maneno yangu. Dereva wao akaja mbio, amechoka kutukanwa na abiria wake. "Joburg, mama? Kiti kimoja tu."

Kilikuwa pembeni ya mdogo wangu, kimerundikwa mabegi yake. Mkobani nilikuwa na pesa ambayo kuanzia jana niliihesabu kuwa zawadi yake ya safari. Nikampa dereva.

"Mais, lakini yaya, na kazi yako?"

"Nyamaza. Sogeza hayo mabegi."

Gari likawashwa, abiria wakapiga makofi. Mimi nikaanza kumgombeza, kwa Kiswahili, kwa sauti, nani anisikie asinisikie. Nilimgombeza mpaka Mooi River. Nilimwambia kila kitu nilichopanga na vingine vilivyokuja vyenyewe. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Ningekwambia mapema, ungekuja. Na wewe ungekuja, mimi nisingeenda."

Nikamwangalia kichwa. Rasta za mbele zilikuwa zimelegea, zimeota vinyweleo. Aibu, dada ake msusi, kwenda kushuka uwanja wa ndege wa wazungu na kichwa kile. Nikatoa kitana mkobani, nikamgeuza uso dirishani, nikaanza kufumua na kusuka upya.

"Yaya, unavuta sana."

"Najua."

Nilikuwa navuta makusudi. Nilisuka Estcourt yote na nyanda zile zote za Free State zisizo na mti, gari likiruka mkono wangu unangoja, likitulia unaendelea. Hakulalamika tena. Tulipoona majengo ya Joburg nilikuwa namalizia nyuma ya sikio, na ngozi ya paji lake ilikuwa imekazwa mpaka macho yanang'aa, au alikuwa analia, sikumuuliza.

Miezi mitatu baadaye alinipigia kutoka huko kwenye baridi. Alisema nywele zimeota sana, rasta zinaning'inia, mume wake anaona haya kutoka naye.

"Fumua basi," nikamwambia. "Mikono si unayo?"

"Sifumui," akasema.

Nikamgombeza tena mpaka salio likaisha.