Risiti ya Dereva Taratibu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Risiti ni kidole gumba chake cha kulia. Kilikuwa cha buluu. Nilikuwa nimekwenda ofisi ya mbunge kuomba barua ya ufadhili wa masomo, na yeye, kabla hata ya kuniuliza jina, alikuwa akipanga karatasi ya kaboni kati ya kurasa mbili.

"Umeleta nini?" akauliza.

"Fomu tu, mama."

"Fomu nayo ni kitu. Kaa nikuandikie."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka ishirini, tangu Mheshimiwa aliposhinda kiti kwa mara ya kwanza. Ofisi ina vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na kabati la chuma ambalo droo yake ya chini hufunguka kwa teke. Humo ndimo mlimo na vitabu vya risiti vya kampeni zote tano. Mfuko wa saruji una risiti. Kuku aliyechangwa na kikundi cha wafumaji ana risiti, na pembeni pameandikwa "jogoo". Watu walimcheka. Yeye alijibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, akaendelea kuandika.

Kando ya vitabu hivyo kuna daftari moja nene la ahadi za Mheshimiwa. Kila ahadi ina mstari wake, na mwisho wa mstari kuna neno moja kati ya mawili: "Tayari" au "Bado". Zahanati, tayari. Daraja la chini, tayari. Maji ya sokoni, ambayo kila kampeni huitwa kipaumbele cha kwanza, yana "bado" nne.

Mwezi uliopita, Jumatatu, ilikuja barua ya tume ya uchaguzi. Mkandarasi mmoja alikuwa amelalamika kwamba katika kampeni iliyopita alimpa Mheshimiwa milioni arobaini, na fedha hizo hazikutajwa katika taarifa ya michango. Maelezo yalitakiwa kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa, la sivyo jina la Mheshimiwa lingeondolewa kwenye orodha ya wagombea. Taarifa ile iliwekwa saini na mweka hazina wa kampeni, naye ni Mama Risiti mwenyewe. Kama ni uongo, wa kushtakiwa ni yeye.

"Zilikuja kweli," Mheshimiwa alisema, akisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Alitaka tumpe barabara. Nikakwambia zirudi siku ileile."

"Basi niliandika."

"Una hakika?"

"Mimi niliandika jogoo, nishindwe kuandika milioni arobaini?"

Lakini jina la mkandarasi halikuwamo. Mama Risiti alipekua kitabu kwa kitabu, siku tatu. Alhamisi jioni mumewe, fundi cherehani, akamwekea chai mbele.

"Mke wangu, usijimalize. Kwanza wewe na majina mna mambo. Zile ndizi alizotuma mwenye duka, mimi nilizibeba tu, ukaniandikia risiti mimi. Watu wakadhani nimekuwa tajiri wa ndizi."

Mama Risiti akaacha kikombe hewani. Ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake: anayeandikwa ni mwenye mkono ulioleta, kwa sababu mkono ndio alioushuhudia. Na mkono ulioleta zile fedha haukuwa wa mkandarasi, ulikuwa wa dereva wake.

Ijumaa asubuhi aliipata risiti baada ya robo saa. Nakala na risiti halisi zilikuwa zimebanwa pamoja kwa pini, juu yake kwa herufi kubwa IMERUDISHWA, na saini ya aliyezichukua tena fedha. Mahali pa jina paliandikwa: Dereva Taratibu.

Afisa wa tume, kijana mwenye miwani, aliisoma mara mbili.

"Taratibu ni jina la mtu?"

"La utani, mwanangu. Hajawahi kulipita gari lolote barabarani. Kila mtu anamwita hivyo."

"Mimi simjui. Aje mwenyewe na kitambulisho, saini ifanane. Saa kumi nafunga."

Taratibu siku hizi huendesha gari la shule, mji wa jirani. Alipigiwa simu saa sita. Saa tisa na nusu alikuwa bado njiani.

"Uko wapi, shemeji?" Mama Risiti aliuliza kwenye simu.

"Nakuja. Haraka haraka haina baraka."

"Leo baraka yangu iko kwenye haraka. Kanyaga."

Aliingia saa kumi kasoro dakika nane, ameshika kofia mkononi, na kwapani ana kitu ambacho hakuna aliyemwomba: daftari lake la safari za gari la mkandarasi. Ukurasa wa siku ile ulisema alirudisha bahasha kwa mhasibu wa kampuni, na mhasibu alikuwa ameweka saini na muhuri.

"Mama huyu ndiye aliyenifundisha," alimwambia afisa. "Alisema, ukikabidhi kitu, asaini aliyepokea. Nikaona si vibaya."

Afisa alilinganisha saini, akagonga muhuri wake, akamrudishia Mama Risiti kitabu. Mama Risiti akakaa kwenye benchi la korido, akavua viatu, akacheka hadi machozi yakamtoka. Alasiri ile mumewe alimnunulia soda mbili, na zote alizinywa yeye.

Lakini Mheshimiwa alipokuja kumshukuru, Mama Risiti alikuwa na sharti.

"Sitaki zawadi. Nataka daftari la ahadi lisomwe hadharani, lote, na nilisome mimi."

"Hata zile za bado?"

"Hasa hizo."

Mheshimiwa alikuna kidevu, akakubali. Mkutano ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, sokoni, mbele ya bomba jipya ambalo fundi ameapa litatoa maji siku hiyo. Viti vimeazimwa shuleni. Taratibu ameambiwa aondoke kwake Ijumaa. Mama Risiti anafanya mazoezi ya kusoma mbele ya cherehani ya mumewe, na mstari wa tano wa maji ameuacha wazi. Ndoo yake ameshaiosha.